Siagi Ndani ya Kompyuta

Haya yalitokea, tena yalitokea hivihivi, toka pembe hadi kwato. Asiyeamini apande gari hadi Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, aulizie kanisa la mabati mapya kule Kabazana, amuulize mama yeyote atakayemkuta akipalilia maharage. Akimpata hata mmoja wa kusema ni uongo, basi ulimi uliosimulia haya ukatwe ukaanikwe juani pamoja na mihogo.

Mwaka ule wa 2012 Mzee Mihigo alikuwa amestaafu. Alilipenda sana neno hilo. Wazee wengine wa kambini walikuwa wamezeeka tu, yeye alikuwa amestaafu. Kazi aliyoistaafu ilitegemea siku uliyomuuliza: mara fundi mkuu wa redio, mara mkaguzi wa mitambo, na siku moja, mvua ikiwa imewafungia watu kanisani, rubani. Ukweli wenyewe, ambao marehemu mkewe aliujua na akaondoka nao, ni kwamba alikuwa mlinzi wa chumba cha redio kwenye mgodi wa dhahabu huko Kivu ya Kusini. Lakini mtu akilinda mlango muda mrefu huchungulia, na akichungulia sana hujifunza. Kufungua redio alijifunza mwenyewe, bila mwalimu. Kuifunga ndiko kulikomshinda mara mojamoja.

Kisa chake kikuu kilikuwa cha radi iliyopiga mlingoti wa mgodi. Wakubwa wote, kwa masimulizi yake, walikaa chini wakalia. Yeye akachukua waya, akaufunga kwenye pembe ya ng'ombe wake mwekundu, akamgeuza ng'ombe polepole hadi sauti ya Ulaya ikaingia safi. Toka siku hiyo ng'ombe yule hakukubali kukamuliwa mpaka habari ziishe.

Watu walicheka. Mtoto mmoja tu hakuwahi kucheka, naye ni Sonia Uwera, aliyelelewa na shangazi yake nyumba ya tatu kutoka kwa mzee. Yeye aliuliza maswali. Waya ulikuwa wa aina gani? Pembe ya kulia au ya kushoto? Mzee Mihigo alilazimika kuwa na majibu, na kwa ajili ya majibu hayo alilazimika kufungua redio nyingi kuliko alivyokusudia. Sonia alipokua akaenda Mbarara, akawa anafua na kupika kwa familia moja Kamukuzi asubuhi, jioni anajifunza kuunda kompyuta. Aliporudi Kabazana alijua vitu ambavyo mzee hakuwahi hata kuvidanganyia.

Kikundi cha akina mama kilikuwa kimevuna maharage vizuri, wakataka kufungua sekretaria, kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, ili watu waache kusafiri mbali kwa ajili ya ukurasa mmoja. Wengi walitaka kununua kompyuta iliyotumika, iliyokamilika, inayoonekana inawaka. Sonia alisema hapana, anunue vipande vipya aiunde mwenyewe, itadumu zaidi. Mwenyekiti wao, Mama Perpétue, mwanamke mpana wa sauti ndogo, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mbele ya wote.

"Sonia, mwanangu, hii mashini ikiwaka, kazi ya sekretaria ni yako. Isipowaka, utarudia jembe, na kitu cha kikundi hautakigusa tena. Umesikia?"

Sonia alisema amesikia.

Akaenda Mbarara, akarudi na maboksi, akaiunda kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, mlango wazi, akina mama wakipita kutazama kama wanaotazama mtu akimzalisha mbuzi. Ilipokamilika hakuiwasha. Jenereta ya kanisa ilikuwa ikisubiri petroli, basi ikaamuliwa iwashwe Jumamosi, mbele ya kikundi chote, kwa maombi. Chumba kikafungwa. Ufunguo ukabaki kwa mzee wa kanisa anayeushika siku zote, mtu mwaminifu, mstaafu. Mzee Mihigo.

Hapo ndipo Musoni alipoingia. Musoni alikuwa rafiki yake wa kubishana. Walichunga pamoja wakiwa vijana kule milimani na hawakuwahi kukubaliana hata juu ya rangi ya ng'ombe. Ijumaa mchana walikuwa wamekaa kivulini mwa kanisa, mzee akieleza jinsi mgodini walivyokuwa na kompyuta kubwa kama nyumba, na kwamba ni yeye aliyekuwa akiitengeneza. Musoni alitafuna kijiti chake akasema taratibu kwamba ufunguo si uko mfukoni? Basi waende wakaone hiyo elimu.

Angeweza kukataa. Baadaye alijiambia hivyo mara nyingi: angesema goti linauma. Lakini alikwenda, akafungua mlango, akalegeza skrubu za ubavuni, na ubavu ukatoka. Alimwonyesha Musoni hiki na kile, akavipa majina yaliyomjia. Kisha akakiondoa kifeni cha katikati, na chini yake akakuta kibati cha kung'aa, mraba, kama sabuni ya wageni, nacho kimepakwa kitu cheupe kizito.

Sasa, mtu aliyelelewa na ng'ombe akiona kitu cheupe kimekauka juu ya chombo, anajua ni nini. Ni maziwa ya jana. Ni uvivu wa kuosha. Mzee Mihigo aliona aibu kwa niaba ya Sonia. Alitoa leso, akafuta ule weupe wote hadi kibati kikatoa sura yake. Kisha, kwa kuwa kulikuwa na kijiwaya cha kuinua, akakiinua, na kibati kikatoka mkononi mwake. Chini yake palikuwa na vinywele vidogo vya dhahabu, vimejaa kama nyasi za mvua ya kwanza.

"Ni kikavu sana," alimwambia Musoni. "Chombo kipya hakitumiwi kikavu."

Musoni, kwa mara ya kwanza tangu ujana wao, alikubaliana naye. Kwao kibuyu kipya hakitiwi maziwa kabla ya kupakwa siagi, ndani na nje. Kisipopakwa kinapasuka na maziwa yanachacha. Kila mtoto wa mchungaji anajua. Mzee Mihigo alitembea siku zote na siagi ya ng'ombe wake kwenye kopo dogo, kwa ajili ya mikono yake iliyopasukapasuka. Akachota kwa kidole. Akapaka kibati juu, akapaka chini, na vile vinywele navyo akavipaka, kwa upole, kama anayempaka mtoto mchanga. Kibati kilikataa kidogo kurudi mahali pake. Akakisukuma. Kikakubali.

Jumamosi chumba kilijaa. Pasta aliomba, jenereta ikakohoa ikashika, Sonia akabonyeza. Kifeni kikazunguka, taa ndogo ikawaka, akina mama wakaanza kupiga vigelegele, halafu vigelegele vikaishia njiani kwa sababu kioo kilibaki cheusi. Hakukuwa na mlio wala neno. Sonia akazima, akawasha tena. Cheusi.

Mzee Mihigo alikuwa amesimama karibu na dirisha. Akalisukuma kopo la siagi chini zaidi mfukoni.

Sonia hakuogopa mwanzoni. Alibadilisha waya wa kioo. Akatoa kipande cha kumbukumbu, akakisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akakirudisha hadi kikalia kwa mlio. Akakihamisha tundu la pili. Akachomoa diski. Kila alipomaliza jambo moja aliwasha, kifeni kikazunguka, kioo kikakaa kimya, na watu wakasogea nyuma kidogo. Kifeni cha katikati hakukigusa. Dawa ile nyeupe ya kupitisha joto, ambayo lazima ipakwe upya kila kifeni kikiinuliwa, ilikuwa imekwisha, na mahali pale ndipo alipokuwa amefanya kazi kwa uangalifu kuliko pote. Hakuona sababu ya kupashuku. Juu ya meza sisimizi wawili walitembea kuelekea kwenye mashine, na mama mmoja akawafuta kwa kanga akilalamika kuhusu sukari ya chai.

Ulikuwa wakati wa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi tu. Lakini Musoni alikuwa akimtazama kutoka upande wa pili wa chumba, na Mama Perpétue naye akamgeukia, akamuuliza yeye kama mtu wa mitambo anaonaje. Na mzee akafungua kinywa, na kilichotoka, kama kawaida, kilikuwa kisa.

Alisimulia habari za mfanyabiashara mmoja wa mgodini aliyewauzia redio mpya zinazong'aa, kumbe ndani zimejazwa mchanga. Zilikuwa nzito, nzuri, zina karatasi za dukani. Walipozifungua mchanga ulimwagika ukajaza karai. Watu walicheka sana. Halafu kicheko kikaisha, na macho, moja baada ya jingine, yakamwendea Sonia, aliyenunua vipande hivyo mwenyewe, bila shahidi, Mbarara.

Hakuwa amekusudia hivyo. Alitaka tu siagi isifikiriwe. Lakini kisa kikishatoka hakina kamba. Jioni hiyo hiyo kilikuwa tayari kinazunguka Kabazana bila yeye: kwamba Sonia amenunua vitu vya kuoza, na pesa zilizobaki zimepotelea Kamukuzi. Shangazi yake alirudi kutoka bombani ndoo ikiwa nusu, kwa kuwa hakutaka kukaa kwenye foleni ile hadi ijae.

Komite ya kikundi ikamwambia Sonia aipeleke kompyuta Jumatatu kwa fundi Mbarara, na arudi kutoa maelezo siku hiyo hiyo. Mzee Mihigo akajitolea kumsindikiza. Alisema ana miadi Ruharo, hospitali, kwa ajili ya macho. Macho yake yaliona kunguni akiwa ng'ambo ya barabara.

Njia nzima alipakata kompyuta. Barabara ilikuwa vumbi, gari likiruka, naye akaikumbatia kama mgonjwa. Sonia alimshukuru. Alimwambia kwamba wote wengine walimkwepa asubuhi ile, hata wale aliocheza nao utotoni, na yeye peke yake ndiye aliyekuja. Mzee alitazama nje, akahesabu mashamba ya ndizi, akapotea hesabu, akaanza tena.

Fundi aliitwa Kabera, kijana wa Mbarara mwenye tumbo la mapema, na kibanda chake kilikuwa chini ya kilima cha Kamukuzi. Alimjua Sonia tangu mafunzo. Alifungua ubavu wa kompyuta, na sisimizi wakatoka kwa mstari, bila haraka, kama watu wanaotoka kanisani. Kabera aliwatazama wakipita. Akainua kifeni. Akagusa, akasugua vidole, akanusa. Akanusa tena.

"Hii ni samli," alisema. "Sonia, hii kitu iko na samli. Nyinyi watu ya Nakivale munatengeneza eshabwe ndani ya kompyuta?"

Hakuna mtu wa Mbarara asiyeijua harufu ya samli. Bila samli hakuna eshabwe, ule mchuzi wao mweupe wa sherehe, na bila eshabwe hakuna harusi. Kabera alimwita jirani yake wa duka la simu aje anuse. Jirani akaja, akanusa, akaegemea mlango kwa kicheko. Sonia hakucheka. Alikitoa kibati, akakiweka kando, akaviangalia vile vinywele vya kwenye bodi kwa kioo cha kukuza. Upande mmoja vilikuwa vimelala, vimevunjika, kama nyasi alipolala ng'ombe. Kabera aliacha kucheka, akasema kibati kitasafishwa kitapona, lakini bodi kubwa imekufa; atafute nyingine.

Sonia aliweka kioo cha kukuza mezani. Hakuangalia uso wa mzee, aliangalia mikono yake, ambayo ilikuwa laini siku ile, imepakwa vizuri.

"Babu," alisema, "ile siku ulibaambia batu habari ya redio ya muchanga, ulikuwa unajua?"

Alikuwa na visa kumi tayari. Kimoja kilihusu panya. Lakini Sonia alikuwa ameuliza kama alivyouliza zamani, pembe ya kulia au ya kushoto, na kwa swali la namna hiyo hakuwa na kisa.

"Ninachelewa Ruharo," alisema mzee.

"Basi nenda Ruharo, Babu."

Akaifunga bodi iliyokufa kwenye gazeti, akamwachia Kabera vingine, akaondoka kwenda kutafuta gari. Hakumngoja.

Kwa hiyo Mzee Mihigo alikwenda Ruharo, kwa miguu, kwa kuwa uongo ukishasemwa mbele ya mtu kama yule lazima uutembee. Alikaa kwenye benchi la wagonjwa wa macho. Kulia kwake alikaa bibi aliyefungwa bandeji, kushoto mzee aliyeongozwa na fimbo, nao wakamkaribisha, wakamsogelea ili apate nafasi, wakamuuliza yeye haoni nini. Alisema haoni mbali. Bibi akamwambia pole, Mungu atamsaidia, na akampapasa mkono. Kisha akauinua mkono ule puani, akatabasamu chini ya bandeji, akasema unanukia nyumbani kwao.

Mzee alisimama. Muuguzi alimwita, zamu yake imekaribia, hakugeuka.

Alipofika Kabazana jua lilikuwa limeinama na komite ilikuwa imeshakaa. Alisimama nje chini ya dirisha, kama mlinzi wa zamani anayejua kusimama bila kuonekana, akasikiliza. Sonia alikuwa amewaeleza kwamba bodi imeharibika kwa sababu kuna mkono ulioingia baada yake. Mama mmoja akauliza mkono wa nani. Sonia akalikunja upya gazeti la bodi. Wakamwuliza tena. Akasema mashine ilikuwa dhamana yake, na yeye ndiye aliyesema ataiunda. Basi wahesabu kosa ni lake.

"Kwa hiyo unarudia jembe," alisema Mama Perpétue kwa sauti yake ndogo.

"Nitarudia."

Mzee Mihigo aliingia. Alikuwa amepanga njia nzima kusema neno moja tu, la kweli, na akalifungulia kinywa. Lakini watu wote waligeuka, mkutano mzima, nyuso zimemngoja, na ulimi wake ulikuwa na mazoea ya miaka.

"Kule mgodini," alianza, "tulikuwa na panya mumoja, mukubwa, alikuwa anapenda mafuta kupita..."

"Muzee," alisema Mama Perpétue. "Leta mukono."

Alimpa mkono. Mama Perpétue aliunusa kiganja kwa utaratibu, kama anayenusa maziwa kabla ya kuyamimina. Kisha akaichukua bodi kutoka kwenye gazeti, akainusa. Akarudi kwenye kiganja. Akampitishia jirani yake bodi, na jirani akanusa akampitishia wa tatu, na mkono wa mzee nao ukasafiri nyuma ya bodi, naye akiufuata, mama hadi mama, safu nzima. Wa mwisho, karibu na mlango, alikuwa Musoni, aliyekuja kusikiliza tu, ambaye hakunusa kimoja wala kingine. Alisema tu kwamba yeye alikuwepo, na kwamba siagi ilipakwa vizuri.

"Panya," alisema Mama Perpétue.

"Ni mimi," alisema Mzee Mihigo. "Nilipaka. Na ile habari ya muchanga niliitunga. Hakuna mufanyabiashara. Nilikuwa ninajua ni mimi, nikabaacha mukamutazama mutoto wangu."

Ilikuwa habari fupi kuliko zote alizowahi kusimulia, na hakuna aliyemwomba aendelee.

Alijaribu kulipa kwa kuku. Kisha kuku na jogoo. Mama Perpétue alisikiliza kwa adabu, akamkumbusha kwamba kwao jina la mtu likichafuliwa halisafishwi kwa manyoya. Linalipwa kwa ng'ombe, na kila aliyelisikia likichafuliwa lazima amwone ng'ombe huyo akitoka zizini. Mtamba wake mwekundu, mwenye mimba ya kwanza, angetosha: atauzwa Rugaaga siku ya soko, bodi inunuliwe, kilichobaki ni cha Sonia. Na Sonia atashika ufunguo wa chumba kuanzia sasa. Mzee akautoa mfukoni. Ulikuwa unateleza kidogo.

Asubuhi ya soko akina mama walikuja zizini, na waliokuwa bombani Jumamosi ile wakaja pia, na shangazi yake Sonia akasimama mbele kabisa. Desturi ni kwamba ng'ombe anayetoka huwa anasifiwa na mwenyewe, kwa sauti, kabla kamba haijabadilisha mkono. Watu wakasogea wamsikie, maana hakuna aliyejua kusifu kama yeye.

Mzee Mihigo alishika shingo ya mtamba. Alianza kwamba mama wa mama yake alikamuliwa hadi ziwa la Nakivale likapanda ukingoni, na boko wakaja kuomba mtindi. Mtu mmoja akacheka nyuma. Mzee akamwona Sonia, amesimama, mikono nyuma, anasikiliza kama anayetaka kuuliza swali.

Akaikaza kamba mkononi. Akaanza upya.

"Ni mwekundu," alisema. "Hana ugonjwa. Anaogopa mbwa. Mama yake anapigaka teke upande wa kushoto, na huyu naye atapiga. Mwenye kumununua mumwambie akae kuume."

Akampa Mama Perpétue kamba.